Dokta Mstaafu Anajibu: Nani Ashike Kisu Kule Wilayani?

Mwezi uliopita niliandika mistari michache kuhusu kidole tumbo, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja, ujumbe wa simu umekuja, na jirani yangu amenifuata hadi bandani kwa kuku kuniuliza habari za kinena chake. Nimechagua barua 5. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilianza kazi nikiwa tabibu wa kituo cha afya, baadaye nikarudi shule miaka miwili, nikatoka daktari msaidizi, kisha miaka 26 nikapasua watu kwenye hospitali za wilaya. Ubingwa sina. Mnachosoma hapa ni maneno ya mtu wa wilayani.

SWALI: Salaam, Dokta. Kijana wangu ana miaka 34, anabeba mizigo sokoni. Ana uvimbe kinenani, unatoka akijitwisha gunia na kurudi akilala. Zahanati wamesema ni ngiri, aende hospitali ya mkoa. Kituo chetu cha afya kimejengewa thieta nzuri, lakini wanapasua wajawazito tu. Thieta si thieta? — *Mzee wa Kilosa*

JIBU: Mzee mwenzangu, kwanza tuelewane ni ngiri ipi. Pale stendi wanapouza mizizi kwa kipaza sauti, ngiri ni kila kitu: kiuno kuuma, tumbo kunguruma, nguvu za kiume kupungua, hata kuamka usiku kukojoa. Ngiri hiyo sijawahi kuiona mezani. Ya kijana wako ni tundu. Ukuta wa tumbo umelegea pale kinenani, utumbo unachungulia nje akikaza misuli. Mzizi hauzibi tundu, kama vile chai haishoni shati lililochanika.

Swali lako la thieta limenigusa. Vyumba vile, vilivyoanza kujengwa kwa wingi kwenye vituo vya afya nchini miaka ya mwisho ya 2010, vililengwa kwa mama anayeshindwa kujifungua, na ilikuwa haki yake. Mama anayetokwa damu hawezi kungoja gari la wagonjwa litoke wilayani, lije, lirudi. Ngiri inayorudi ndani yenyewe inaweza kungoja wiki kadhaa. Lakini meza ni ileile, taa ni ileile, na mtungi wa kuchemshia vyombo ni uleule. Kinachokosekana ni mtu. Daktari kijana aliyepangwa pale anajua kumtoa mtoto. Ngiri aliiona mara mbili chuoni, akichungulia nyuma ya migongo ya wenzake wanane. Na mtu wa dawa za usingizi ni mmoja. Akimchoma kijana wako ganzi ya mgongoni saa nne asubuhi, kisha saa nne na nusu akaletwa mama anayevuja damu, amwache nani?

Kwa hiyo kituo siwalaumu. Ninachokataa ni jambo hili kuachwa hivyo miaka kumi, watu wakasahau kwamba lingeweza kuwa vingine. Sisi tulikuwa na Alhamisi ya ngiri. Kila Alhamisi wanaume watatu au wanne, wakulima na wabeba magunia, waliingia asubuhi na kesho yake wakarudi kwao. Tabibu kijana alisimama upande wa pili wa meza, wiki baada ya wiki, mpaka siku moja nikamwachia kisu, mimi nikashika kulabu za kupanulia kidonda. Jasho lililomtoka siku ile lilijaza kofia.

Siku hizi tundu huzibwa kwa wavu mwembamba unaoshonewa ndani, na wavu wa kiwandani ni ghali. Huko Uganda walifanya jambo la maana sana. Katika utafiti uliotoka mwaka 2016, wanaume 302 waligawanywa: baadhi wakawekewa wavu wa kiwandani, wengine kipande cha kitambaa cha chandarua kilichotakaswa. Mwaka mmoja baadaye, upande wa chandarua ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu. Na huko Sierra Leone, katika utafiti wa mwaka 2021, matabibu waliofundishwa kazi hii hawakuwa nyuma ya madaktari wenye shahada. Nawaomba lakini, asije mtu thieta na chandarua alichokivua kitandani.

Kijana wako aanzie hospitali ya wilaya kabla ya kukimbilia mkoani, aulize siku ya kupasua ngiri, aandikwe. Asingoje mavuno yaishe. Na mkalitaje hili nyumbani hadi watoto walijue: uvimbe ukigoma kurudi, ukawa mgumu, ukauma, naye akaanza kutapika, anaondoka usiku huohuo hata kama ni kwa bodaboda. Utumbo umenaswa, damu haipiti, na ndani ya saa chache unaanza kuoza. Hapo hatuzungumzi tena ngiri ya Alhamisi.

SWALI: Shikamoo Dokta. Nilijifungua kwa upasuaji mwezi Januari, hospitali ya wilaya. Mimi na mtoto tu wazima. Juzi wifi yangu, anayefanya kazi hospitali kubwa mjini, ameniambia aliyenipasua alikuwa daktari msaidizi, si daktari kamili, na kwamba nilifanyiwa majaribio. Tangu siku hiyo silali vizuri. — *Mama wa mtoto wa kwanza, Kasulu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unamuuliza daktari msaidizi habari za madaktari wasaidizi, basi nihesabu mimi ni mshtakiwa na unisikilize hivyo.

Mafunzo yetu yalianza mwaka 1963, Tanganyika ikiwa haijamaliza hata miaka miwili ya uhuru na madaktari wazalendo wakiwa wa kuhesabu kwa vidole. Walichukuliwa matabibu ambao tayari wamefanya kazi vijijini, wanaojua surua ikoje na mama mwenye kifafa cha mimba yukoje, wakaongezwa miaka miwili ya masomo, upasuaji na uzazi ukiwa sehemu kubwa. Wakarudishwa wilayani. Na walibaki huko. Hilo la kubaki ndilo watu wa mjini hawalihesabu.

Jirani zetu wa Msumbiji walianza ya kwao mwaka 1984, katikati ya vita, wakiwaita mafundi wa upasuaji. Watafiti walipofuatilia miaka ya baadaye walikuta upasuaji mkubwa wa uzazi katika hospitali za wilaya, 92 kwa kila 100, unafanywa na mafundi hao. Wakafuatilia pia nani yuko wapi miaka saba baada ya kupangwa kazi. Kati ya mafundi, karibu tisa katika kila kumi walikuwa bado wilayani. Kati ya madaktari wenye shahada hakubaki hata mmoja. Sisemi hivyo kuwadharau madaktari. Mtu ana watoto wa kusomesha na shule nzuri ziko mjini. Nasema kisu kilichobaki ndicho kilichokuokoa.

Huku kwetu mafunzo hayo yamesitishwa, hoja ikiwa kwamba sasa vyuo vinatoa madaktari wengi. Ni kweli wanatoka wengi. Kama wanajua kupasua ni swali la barua ya nne hapa chini.

Mwambie wifi yako kwa upole kwamba majaribio ni kitu kisichojulikana kama kinafanya kazi. Upasuaji wako ulikuwa kazi ya mtu ambaye pengine alishautenda mara mia kadhaa. Badala ya kukosa usingizi kwa hilo, shika haya mawili. Tunza kadi yako iliyoandikwa sababu ya kupasuliwa. Na mimba ijayo usijifungulie zahanati wala nyumbani kwa mkunga. Nenda mahali penye thieta na damu ya kuongeza, kwa sababu kovu la mji wa mimba linaweza kuachia uchungu ukiwa mkali. Pumzisha tumbo miaka miwili kwanza.

SWALI: Mimi ni babu wa Pangani. Nina busha mwaka wa kumi na moja. Nasikia kuna kambi ya madaktari bingwa inakuja. Nisubiri kambi au niende mwenyewe? Na uzee huu kuna faida gani? — *Bila jina, naona haya*

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Haya iache. Pwani yote hii, kuanzia Tanga hadi Mtwara, mabusha mengi ni kazi ya mbu na minyoo ya matende, hakuna aliyeyatafuta. Dawa za kumeza zinazogawiwa kwa umma zinakinga wajukuu wako. Maji yaliyokwisha kujaa hayaondoki kwa kidonge. Yanapasuliwa, na kama presha na sukari ni nzuri, umri peke yake haukuzuii. Faida utaiona siku utakapovaa kanzu ukaenda msikitini bila kujishika.

Kambi nenda, wanaokuja ni watu wa kazi. Uliza jambo moja tu kabla hujapanda mezani: wao wakishaondoka, nani hapa atanifungua kidonda na nani atanitazama kikivimba? Ukipewa jina, vua shati. Kambi huwa napima kwa hilo hata mimi. Madaktari wa kuruka na ndege wametembelea hospitali za mbali za Afrika Mashariki tangu mwaka 1957, na kule walikomfundisha mwenyeji mmoja pembeni ya meza, ndege ilipoondoka kazi iliendelea. Kule walikopasua wakaondoka, watu walikaa kuitazama mbingu.

SWALI: Shikamoo Dokta. Niko mwaka wa tano wa udaktari, Mwanza. Nataka kuwa bingwa wa moyo, wa dawa, sio wa kupasua. Naomba uniambie ukweli: kwa nini tunapotezewa muda kwenye upasuaji wa jumla, kushona vidonda na kutumbua majipu, na tukiwa tarajali, yaani mwaka wa mazoezi baada ya chuo, tunarudishwa tena? Sitashika kisu maishani. — *Mtarajiwa*

JIBU: Marahaba, daktari. Nakuita hivyo mapema maana barua yako imejaa ujasiri wa mtu ambaye hajalala peke yake zamu ya wilaya.

Ngoja nikupe usiku mmoja. Umemaliza mwaka wa utarajali, umepata ajira, barua haisemi moyo wala Dar es Salaam. Inataja wilaya ambayo ulilazimika kuitafuta kwenye ramani. Daktari mkuu yuko kwenye kikao mkoani. Saa mbili usiku analetwa dereva wa bodaboda, mfupa wa muundi umetoka nje ya ngozi na umebeba mchanga. Saa tano, msichana wa miaka 22 amezimia chooni, midomo myeupe, tumbo limejaa, mimba imetunga nje ya kizazi ikapasuka. Saa tisa, mama ana siku ya pili ya uchungu na mtoto amekaa vibaya. Mkoa uko kilomita 140 na daraja limefunikwa na maji. Hapo moyo utakaokuhusu ni wako mwenyewe, unaodunda.

Usiku huo sikuubuni kwa kukutisha. Mwaka 2015 jopo la jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani lilitaja kazi tatu za kupimia hospitali: kufungua tumbo, kumzalisha mama kwa upasuaji, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. Hospitali inayoweza hizo tatu ina watu, damu, usingizi na vifaa vya kuweza nyingine nyingi. Isiyoweza hata moja ni jengo lenye vitanda. Jopo hilo lilihesabu watu bilioni 5 duniani wasiopata upasuaji salama wanaoumudu. Kati ya upasuaji milioni 313 unaofanywa kwa mwaka, nchi maskini kabisa, zenye zaidi ya theluthi ya watu wote, zinapata 6 tu kwa kila 100.

Na hili halikugunduliwa juzi. Halfdan Mahler, Mdenmark aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alisimama mbele ya madaktari wa upasuaji kule Mexico City mwezi Juni 1980, miaka miwili baada ya mkutano wa Alma-Ata ambako dunia iliahidi afya ya msingi kwa wote. Aliwaambia wazi kwamba upasuaji una nafasi yake ndani ya afya ya msingi, na kwamba wengi wa watu duniani hawaupati. Mahler hakuwa mpasuaji. Alikuwa mtu wa kifua kikuu. Ilichukua miaka 35, hadi Mei 2015, ndipo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuuingiza upasuaji wa dharura na usingizi katika huduma za afya kwa wote.

Miaka yote hiyo tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa tukichanja, tukichimba vyoo, tukikoroga maji ya chumvi na sukari, na tulifanya vizuri. Lakini kichwani mwetu afya ya msingi ilikuwa sindano na ndoo, na kisu kilikuwa anasa ya mjini. Wizara waliamini hivyo kwa sababu thieta ni gharama. Mabingwa nao waliamini hivyo, na hapa nitawaudhi baadhi ya marafiki zangu, kwa sababu kisu kikikaa juu, aliyekishika hubaki juu.

Sasa nirudi kwako. Majipu unayoyadharau yana kazi. Mwalimu wangu wa upasuaji, mzee mmoja mkali mwenye viatu vya turubai, hakutupa kisu miezi miwili ya mwanzo. Alitutuma wodini kushika matumbo. Asubuhi anauliza: hili tumbo limelegea au limekaza? Limekaza wapi? Limekaza kwa sababu anaogopa mkono wako wa baridi, au kwa sababu kuna usaha? Ukikosea anakurudisha ukapashe mkono joto. Ndipo nikaelewa kwamba kukata ndiyo sehemu fupi ya kazi. Sehemu ndefu ni kujua nani apasuliwe saa hii, nani angoje asubuhi, na nani umfunge vizuri, umwekee dripu, umpeleke mbele bila kumgusa, kwa kuwa ukimgusa hapa atafia mikononi mwako. Nimewaona vijana hodari wakipasua ambacho wasingepasua. Nimewaona wengine, wengi zaidi, wakimpa rufaa mtu ambaye jipu lake lilihitaji dakika kumi, akalala njiani siku mbili.

Lawama nyingine si yako. Tarajali anayekwenda hospitali kubwa hukuta foleni mbele yake: bingwa, kisha anayesomea ubingwa, kisha yeye. Anamaliza miezi yake akiandika mafaili na kuvuta kulabu hadi vidole vinakufa ganzi. Mwenzake aliyekwenda hospitali ndogo ya mkoa ameshona, amezalisha, amefungua tumbo mbili tatu akisimamiwa. Wote wanapewa leseni ileile, na kwenye karatasi huwezi kuwatofautisha. Ningekuwa na amri, kila tarajali angekaa walau miezi miwili wilayani na mtu mzima wa kumsimamia, si kutupwa tu, na angeondoka na daftari lililosainiwa: amefanya hiki mara ngapi, chini ya nani. Chuo cha upasuaji cha nchi zetu, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye ofisi Arusha, kinaenda kwa njia inayofanana na hiyo kwa wanaosomea ubingwa: hakina kuta, mtu anafundishwa hospitalini alipo na kuweka kumbukumbu za kila alichofanya. Kwa nini daktari wa kawaida wa wilaya asipate kidogo cha utaratibu huo, mimi sijawahi kujibiwa.

Na usidhani wilayani hakuna cha kuifundisha dunia. Ile orodha ya maswali 19 inayosomwa kwa sauti thieta siku hizi, huyu ni nani, tunapasua upande gani, shashi zimetimia, ilijaribiwa katika miji minane. Kulikuwa na London, Seattle, Toronto. Ifakara yetu nayo ilikuwamo. Matokeo yalitoka mwaka 2009: katika miji hiyo kwa jumla, vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Hapakuhitajika mashine. Ilihitajika watu wanyamaze nusu dakika na kuulizana.

Kuhusu moyo, nenda kausomee, tunauhitaji. Ila utaletewa mjamzito ambaye mlango wa moyo wake umeharibiwa na homa ya baridi yabisi, na mtoto lazima atolewe kwa kisu. Utaletewa mzee uliyemwandikia dawa ya kuyeyusha damu, ngiri yake imenasa. Mpasuaji atakupigia simu saa nane usiku akuulize, naye atajua kwa jibu lako kama uliwahi kusimama mezani au la.

SWALI: Shikamoo Dokta. Mimi ni muuguzi wa zahanati, niko na mhudumu mmoja tu. Mwezi wa tatu alikuja baba wa miaka kama 40, tumbo siku ya pili. Kipimo hakikuonyesha malaria, nikampa dawa za tumbo na za minyoo, arudi akizidiwa. Alirudi siku ya tano amebebwa kwenye kitanda. Alifia njiani kwenda wilayani. Walisema utumbo ulitoboka. Hakuna aliyenilaumu. Ningefanya nini? — *Sista*

JIBU: Marahaba, sista. Barua yako nimeiweka mwisho kwa kuwa niliisoma, nikaiacha mezani siku tatu.

Mwaka wangu wa kwanza nikiwa tabibu alikuja mvulana wa darasa la sita. Tumbo lilianzia kitovuni, alisema, sasa limehamia huku chini kulia. Aliniambia kwa mdomo wake kitu ambacho vitabu vyote vinasema kuhusu kidole tumbo, nami nikampa klorokwini, kwa sababu ilikuwa msimu wa mvua na kila mtu alikuwa na malaria. Foleni ilikuwa ndefu. Sikumlaza. Nilimshika tumbo akiwa amesimama, juu ya shati. Alirudi siku ya nne na hakufika thieta. Nilikuwa na miaka 25. Baba yake alikuja baadaye kunishukuru kwa kujitahidi, na shukrani ile ndiyo iliyonirudisha shule kusomea kisu.

Kwa hiyo nikikuambia ya kufanya, usisikie kama mtu anayekuhukumu.

Mlaze. Hata foleni ikiwa imefika kwenye mwembe, mlaze, mvue nguo, pasha mikono joto. Mtazame kabla hujamgusa: mtu mwenye mawe ya figo hujigaragaza, mwenye usaha tumboni hulala tuli kama anayeogopa kuamsha mtoto. Mwambie akohoe. Akishika tumbo na kukunja uso, umepata habari kubwa bila kipimo. Kisha anza kubonyeza taratibu mbali na panapouma, ukielekea panapouma. Tumbo gumu kama ubao hata akivuta pumzi, hilo halina dawa ya zahanati. Muulize pia homa imeanza lini, maana homa ya matumbo ikikaa wiki mbili tatu inaweza kutoboa utumbo. Muulize mara ya mwisho kupata choo na kutoa hewa. Na kinenani tazama, usione aibu. Ngiri zilizonaswa nyingi zimepita kwa sababu suruali haikushushwa.

Ukishashuku, asile wala asinywe. Dripu iende, antibiotiki ya sindano uliyonayo ianze. Dawa ya maumivu mpe. Sisi tulifundishwa zamani kwamba ukimtuliza unamficha ugonjwa mpasuaji, lakini imeonekana sivyo, na hakuna sababu mtu aende kilomita 60 za mashimo akilia. Usimpe dawa ya kuharisha, na wazuie nduguze wasimwingize maji ya mitishamba kwa nyuma. Piga simu wilayani kabla gari halijaondoka, ili mtu wa usingizi aamshwe wakati mgonjwa yuko njiani na si baada ya kufika.

Na ukimwambia mtu arudi akizidiwa, hajui kuzidiwa ni nini. Kwake kuzidiwa ni kushindwa kutembea. Mwambie arudi kesho asubuhi, azidiwe asizidiwe, umshike tumbo tena. Hilo peke yake lingempa baba yule siku mbili.

Barua ya rufaa usiandike "maumivu ya tumbo" ukapiga muhuri. Andika ulichokishika: gumu, laini, upande gani. Andika dawa alizopata na dripu ngapi, na mkojo kama umetoka. Andika namba yako ya simu wakupigie. Na saa uliyomwona mara ya kwanza, sista, saa kamili, usiishie kwenye tarehe.